HOTUBA YA MWENYEKITI: KATIBA YETU INASEMA UGONJWA

(Iliyosomwa mbele ya wanakikundi na wageni siku ya maadhimisho ya miaka kumi)

   

Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Miaka kumi si mchezo. Tulianza wanawake thelathini, tukajigawa watano watano, tukawa tunakaa chini ya mwembe kwa kuwa hatukuwa na ukumbi, na sanduku letu la chuma lenye makufuli matatu, kila ufunguo na mtu wake. Wenzetu wawili wametangulia mbele ya haki, Mungu awarehemu. Wengine wamehama hapa Mbagala, nafasi zao zimejazwa, na leo bado tupo thelathini. Habari za hisa, mikopo na faida mtazisoma kwenye taarifa ya mweka hazina humu humu kitabuni. Mimi sitazirudia.

Kamati iliponiambia niandae hotuba, nikasema nitazungumzia pombe, bangi na unga. Baadhi ya wenzangu wakasema, mama mwenyekiti, siku ya sherehe usituletee habari za msiba. Nikawajibu kuwa siku ya sherehe ndiyo siku ambayo watu wote wapo. Nikilisema Jumamosi ya kawaida watakuja ishirini, na wale wenye shida hiyo nyumbani ndio watakaokosekana.

Mimi ni mwanamke wa darasa la saba. Sikusomea udaktari. Haya nitakayoyasema nimeyapata kwa wataalamu waliokuja kutufundisha mtaani, na kwa wauguzi niliowafuata mwenyewe na kuwauliza maswali mpaka wakanizoea. Nikikosea neno, muuguzi wetu yupo hapa atanisahihisha.

KWA NINI NI JAMBO LA KIKUNDI

Kila mmoja wetu anajua utaratibu. Mkopo ukichelewa wiki tatu, wale wanne wa kundi lake wanakwenda nyumbani kwa mwenzao kuuliza kulikoni. Kwa miaka kumi tumekwenda nyumba nyingi. Tumekuta mtoto amelazwa, tumekuta mvua imeharibu biashara, tumekuta baba ameachishwa kazi. Hayo yote watu huyasema wazi. Lakini kuna nyumba nyingine mkifika mnakaribishwa kwenye mkeka kwa sababu viti havipo, jiko la gesi halipo, hata sufuria kubwa la biashara halipo, na mwenye nyumba anasema eti ameazimisha. Hapo mnajua, naye anajua kuwa mnajua, na hakuna anayesema.

Mwenzetu mmoja ameniruhusu nilieleze lake bila kumtaja jina. Alichukua mkopo wa shilingi 300,000 wa kununua mchele na mafuta kwa ajili ya kazi yake ya mama lishe. Usiku ule ule wakaja vijana mlangoni wakamwambia, mama, mwanao tunamdai, na asipolipa kesho tutamwitia mwizi. Mnajua maana ya kuitiwa mwizi huku kwetu. Watu hawaulizi, wanatafuta tairi na petroli. Yule mama akalipa. Fedha ya mchele ikaisha usiku mmoja. Jumamosi akaja kikundini akasema ameibiwa kwenye daladala. Akaendelea kusema hivyo miezi miwili, anakonda tunamwona, mpaka alipoishiwa nguvu akasema kweli.

Sasa nawauliza, yule mama alikuwa anamficha nani? Mwanawe anajua. Majirani wanajua. Alikuwa anatuogopa sisi. Mtoto yule yule angekuwa anaumwa figo, mama angetuambia siku hiyo hiyo, nasi tungefungua mfuko wa jamii tukampa fedha ya hospitali.

Katiba yetu, tuliyoiandika wenyewe kwa mkono kwenye daftari kubwa, inasema mfuko wa jamii utamsaidia mwanachama katika mambo matatu: msiba, uzazi, na ugonjwa wa mwanachama, mume au mtoto. Imesema ugonjwa. Haikutaja ni ugonjwa gani. Kwa hiyo swali langu la leo ni moja tu. Huyu kijana tunayemwita teja, na huyu baba tunayemwita mlevi, ni mgonjwa au si mgonjwa? Kama ni mgonjwa, katiba imeshajibu.

NI UGONJWA GANI HUU?

Si kila anayekunywa bia mbili kwenye harusi ni mgonjwa. Si kila aliyewahi kuvuta bangi ni mgonjwa. Wengi hujaribu wakaacha. Lakini kuna wanaojaribu wakanaswa, na kunaswa huko ndiko wataalamu wanakoita uraibu. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu katika orodha ya magonjwa, kama lilivyoiweka malaria na kisukari. Hilo halikusemwa jana. Orodha iliyoanza kutumika miaka ya 1990 tayari ilikuwa na ugonjwa huo pamoja na dalili zake.

Dalili zenyewe nitazitaja kwa lugha yetu ya nyumbani.

Ya kwanza, hamu kubwa inayomshika mtu hata akiwa anafanya jambo jingine.

Ya pili, kushindwa kujizuia. Anasema leo chupa moja, anamaliza tano. Anasema mwisho Ijumaa, Jumamosi yumo.

Ya tatu, akikosa anaumwa.

Ya nne, kiasi kinapanda. Kilichomlewesha mwaka jana leo hakimgusi, inabidi aongeze.

Ya tano, mambo mengine yote yanakufa. Mpira aliokuwa anaupenda, kazi, ibada, watoto, vyote vinawekwa pembeni.

Ya sita, anaona madhara kwa macho yake, na bado anaendelea.

Mtu akiwa na tatu kati ya hizo sita kwa pamoja katika mwaka mmoja, daktari anaweza kusema huyu ana uraibu. Na ni ugonjwa uleule ukiwa wa bia, wa gongo, wa bangi, wa unga, au wa vidonge vya usingizi. Hata sigara na ugoro vina uraibu wake.

Sasa inakuwaje mwilini? Nilielezwa hivi. Ndani ya ubongo Mungu ameweka mahali pa raha. Ukila ukashiba, ukimbeba mjukuu, ukimaliza deni, pale pahali panawaka kidogo nawe unajisikia vizuri. Ndiyo maana tunarudia kula, kulea na kufanya kazi. Pombe na unga vinapita mlango wa nyuma na kupawasha mahali hapo kwa moto mkubwa kuliko raha yoyote ya kawaida. Vikizoeleka, ubongo unajipunguza wenyewe ili kuhimili moto huo. Matokeo yake chakula hakina ladha, mtoto hamfurahishi, na asipopata kitu chake anajiona kama amekufa angali hai. Kufikia hapo hatafuti tena starehe. Anatafuta kuondoa maumivu.

Maumivu hayo kwa watu wa unga ndiyo yanaitwa arosto. Kamasi zinamtoka, machozi yanamtoka, mifupa inauma, tumbo linakata, anatapika, anaharisha, hapati usingizi, anasikia baridi juani. Unga haukai muda mrefu mwilini. Baada ya saa chache arosto inaanza kurudi, kwa hiyo mgonjwa hutafuta kete mara tatu au nne kwa siku, kila siku, Idi na Krismasi. Ndiyo maana anaiba sufuria la mama yake. Simtetei kwa wizi, sufuria ni sufuria na mama amelia. Naeleza tu kwa nini viapo vyake havisimami. Anapokuapia usiku kwamba ameacha, mara nyingi anamaanisha kweli. Saa kumi alfajiri arosto inamwamsha, na kiapo hakina nguvu mbele yake.

Kwa nini huyu anaswe na yule asinaswe? Wapo wenye asili hiyo katika ukoo, kama vile kuna koo zenye presha. Wapo walioanza wangali watoto, na anayeanza mapema yumo katika hatari zaidi kwa kuwa ubongo wake haujakomaa. Wapo walioumizwa utotoni, waliofiwa, wenye huzuni isiyoisha. Kwa hiyo tusimwambie mama mwenzetu kwamba hakumlea vizuri mwanawe. Wamelelewa nyumba moja ndugu wanne, mmoja amenaswa na watatu wapo shuleni na kazini.

ULIKUJAJE HAPA KWETU

Pombe ilikuwepo tangu mababu, na bangi pia. Unga ni mgeni. Katika miaka ya 1980 ndipo heroini ilipoanza kuonekana kwenye miji yetu ya pwani, ikitoka mbali huko Asia na kupita baharini. Mwanzoni ulikuwa wa rangi ya kahawia, watu wakiuvuta kwa moshi. Baadaye ukaja mweupe unaoyeyuka kirahisi kwenye maji, na hapo ndipo sindano ziliposhika kasi hapa Dar es Salaam. Wengine wanauchanganya na bangi na tumbaku kwenye sigara moja, na kuna vijana walioanza kwa kupewa sigara hiyo bila kuambiwa kilichomo.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 1995 ilitungwa sheria ya kupambana na biashara ya dawa za kulevya. Mwaka 2015 ikatungwa nyingine iliyochukua nafasi yake, na kwa sheria hiyo ndipo tukapata Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Tarehe 1 Machi 2017 vilipigwa marufuku viroba, ile mifuko midogo ya pombe kali iliyokuwa inauzwa kila genge, na mtoto wa shule akiinunua kwa fedha ya kitumbua. Sisi akina mama tulifurahi sana siku ile. Lakini yule aliyekwisha kunaswa na viroba hakupona kwa marufuku. Alihamia kwenye gongo. Kuzuia ni kazi moja na kutibu ni kazi nyingine, na zote mbili zinatakiwa.

MADHARA YAKE

Pombe ikizidi inaharibu ini, inapandisha presha, inaleta saratani ya koo, na inaua barabarani. Gongo lina hatari ya ziada kwa sababu hujui limechanganywa na nini. Likiwa na spiriti ya viwandani linapofua macho na kuua kwa siku moja au mbili. Bangi kwa kijana mdogo, hasa akivuta kila siku, inaweza kumfungulia mlango wa ugonjwa wa akili. Sindano za kuchangia zinaleta virusi vya UKIMWI na homa ya ini, na anayeambukizwa anampelekea mkewe ambaye hajawahi hata kuuona unga.

Nyumbani mnayajua wenyewe. Ada inanywewa. Mama anapigwa. Mtoto wa darasa la tatu anajifunza kumsikiliza baba anavyofungua mlango ili ajue leo alale kitandani au akalale kwa jirani. Bibi wa miaka sabini anaanza kulea upya.

Na tusisahau wanawake wenyewe. Mabinti zetu nao wapo, na wao hujificha zaidi kwa sababu mwanamume mlevi anachekwa lakini mwanamke mlevi anatengwa. Kwenye kliniki wanawake wanaofika ni wachache kuliko wanaume, na wengi wanakuja wakiwa wameshaumia sana. Binti mwenye mimba anayetumia unga asiambiwe aache ghafla peke yake, maana ni hatari kwake na kwa kichanga. Apelekwe hospitali mapema, matibabu yake yapo, na aeleze kila kitu bila kuficha.

TUNAYOYAFANYA YASIYOSAIDIA

Hapa mniwie radhi, maana nitagusa wengi.

Tunawaoza. Tunasema akioa atatulia. Hatulii. Tunamletea binti wa watu mzigo ambao sisi wenyewe umetushinda.

Tunawapeleka kijijini. Kule anakaa miezi mitatu, ananenepa, tunashangilia, tunamrudisha. Hii ina hatari kubwa na naomba mnisikilize vizuri. Mtu aliyekaa bila unga wiki kadhaa, iwe kijijini, gerezani au kwenye soba hausi, mwili wake umesahau. Akirudi mtaani akatumia kiasi kilekile cha zamani, pumzi inakata. Wapo wanaokutwa vichochoroni waliokufa hivyo.

Tunawafunga kamba au kuwafungia chumbani. Kwa mtu wa unga ni mateso. Kwa mtu wa pombe inaweza kuwa kifo. Aliyezoea kunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akikatizwa ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kushikwa na degedege na kufa. Huyo aachishwe chini ya uangalizi wa hospitali.

Tunawapeleka kwa watu wanaodai kutibu kila kitu kwa siku saba. Maombi na dua siwakatazi, mimi mwenyewe naomba kila asubuhi. Shehe wetu na mchungaji wetu wamekubaliana nami juu ya hili: omba, halafu mpeleke hospitali.

Na tunawalipia madeni ya kete. Najua kwa nini tunalipa, nimekwisha eleza. Lakini deni la kete likilipwa na mama, muuzaji anajua duka la mkopo limefunguliwa. Fedha ile ile ingemfikisha kliniki.

MATIBABU YAPO

Akina mama, hili ndilo nililotaka mlibebe mwende nalo nyumbani. Matibabu yapo, na yapo hapa hapa jijini. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa dawa inayoitwa methadoni kwa wagonjwa wa unga. Baadaye ikafuata hospitali ya Mwananyamala, kisha Temeke, na sasa huduma imefika mikoa mingine kama Mbeya, Mwanza na Dodoma. Dawa inatolewa bure.

Methadoni ni dawa ya maji, anaikunywa mbele ya mhudumu, mara moja kwa siku. Muuguzi mmoja nilipomwuliza si ni kuhamisha ulevi huu kwenda ule, alinieleza vizuri. Nami niwaeleze kwa lugha ya jikoni. Unga ni moto wa makuti. Unawaka ghafla, unapanda juu, mara umezimika nawe unatafuta makuti mengine. Methadoni ni moto wa mkaa. Hauna vishindo, unakaa kutwa kucha, na chakula kinaiva. Dozi ikiwa sawasawa mgonjwa halewi na hapati arosto. Anaweza kulala, kula, kubeba zege, kurudi kwa mke wake. Akiwa na virusi vya UKIMWI anapata na dawa zake, na kifua kikuu kinapimwa.

Wengi huingia kupitia asasi zinazozungukia vijiweni, ambazo zinamwandaa mgonjwa na kumpeleka, na ndugu anatakiwa kumsindikiza. Si ya wiki mbili. Wengine wanatumia miaka miwili au mitatu, wengine zaidi, na dawa inapunguzwa polepole. Atakayechanganya methadoni na pombe au vidonge vya usingizi ajue anacheza na pumzi yake.

Kwa pombe hakuna methadoni, lakini matibabu yapo pia, kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali. Wanamtoa sumu kwa usalama, kisha yapo mazungumzo ya ushauri na baadhi ya dawa za kupunguza hamu. Zipo pia soba hausi, ingawa hizo nyingi zinalipiwa. Kabla ya kulipa nenda ukaangalie. Uone wanapolala, wanachokula, kama kuna mhudumu wa afya, na kama wanapigwa. Wakikukataza kuingia ndani, ondoka na mwanao.

Je, wakitibiwa hawarudi? Wengine wanarudi. Tuwe wakweli. Lakini nitazame mimi mwenye presha. Mwaka juzi nilitulia, mwaka jana ikapanda tena, daktari akabadilisha dawa. Hakuna aliyesema mwenyekiti hana adabu, aachwe afe. Uraibu nao unatulia na unaweza kuamka. Ukiamka, mgonjwa anarudi kliniki.

SUALA LA NAULI

Sasa nakuja kwenye ombi langu.

Nimesema dawa ni bure. Lakini anayeanza lazima afike kila siku, ikiwemo Jumapili na sikukuu. Wachache waliotulia muda mrefu ndio huweza kuruhusiwa kubeba dozi za siku chache. Akikosa siku kadhaa mfululizo, hawezi kuendelea na dozi yake ya zamani, anaanzishwa tena chini, na wengi hapo ndipo wanapokata tamaa. Na wanakosa kwa sababu gani? Nilipouliza, jambo lililotajwa kila mara ni nauli. Mtu hana kazi, nyumbani haaminiki, na kutoka huku Mbagala mpaka Temeke hospitali kwa miguu ni safari, tena mwili wenyewe ni dhaifu. Akiomba nauli, ndugu wanasema anataka ya kete.

Tupige hesabu, hiyo ndiyo kazi tunayoijua. Tuseme nauli ni shilingi 600 kwenda na 600 kurudi. Kwa siku ni 1,200. Kwa siku thelathini ni 36,000. Miezi mitatu ya mwanzo, ambayo ndiyo migumu, ni 108,000. Mwenzetu wa mama lishe alipoteza 300,000 kwa usiku mmoja. Fedha ile ingempeleka mwanawe kliniki miezi minane.

Napendekeza kila mwanachama aongeze shilingi 500 kwa wiki kwenye mfuko wa jamii. Tupo thelathini, ni 15,000 kwa wiki, 60,000 kwa wiki nne. Tukiongeza shilingi 12,000 kutoka faini za wachelewaji, ambao nashukuru hawajawahi kutuangusha, tunapata 72,000. Hizo ni nauli za wagonjwa wawili kwa mwezi. Kila mgonjwa atasaidiwa miezi mitatu. Fedha hapewi mkononi. Anashika mama au ndugu, analipa nauli kwenda na kurudi, na kila wiki analeta kadi ya kliniki tuone tarehe.

Najua wapo wanaopinga, na ni haki yao. Wengine wameniambia, mwenyekiti, tunafanya kazi juani ili tulipie nauli ya wezi? Nawajibu kwa heshima. Hao wanakula fedha yetu sasa hivi, tena nyingi kuliko shilingi 500. Zinapita kwenye mikopo isiyorudi na kwenye sufuria zinazopotea. Mwingine akasema, mimi wanangu wazima, kwa nini nichangie? Shoga yangu, tulichangia uzazi wa pacha wako, na kuna wengine humu ambao umri wa kuzaa ulishatupita. Ndivyo mfuko ulivyo. Mwingine amesema tukianza na hili, kila mtu ataleta mlevi wake. Natamani walete. Leo wanafichwa.

KABLA SIJAKAA

Mambo machache ya kushika. Ukiona dalili nyumbani, zungumza naye akiwa hajalewa, asubuhi, mkiwa wawili. Usimtukane mbele ya wadogo zake. Vitu vya thamani vifungie, hiyo si dhambi. Chakula mpe, fedha taslimu usimpe. Ukimkuta amelala haamki, midomo imebadilika rangi na pumzi zinakuja kwa mbali, mlaze ubavu, piga kelele watu waje, mkimbize hospitali na sema kweli alichotumia. Usimmwagie maji ukamwacha. Na neno teja tulipunguze. Mama yake anapolisikia, linamchoma yeye kuliko kijana.

Wewe mama unayelea mgonjwa nawe jitunze. Njoo Jumamosi hata kama huna hisa ya kuweka. Njoo ukae na wenzako.

Jumamosi ijayo saa tisa tutapiga kura ya kuongeza hizo shilingi 500. Itapigwa kwa siri, kwa karatasi, kama tunavyomchagua mwenyekiti. Kila mwenye kitabu cha hisa apige. Ikishindikana nitaheshimu, lakini nitaileta tena mwakani, maana ugonjwa utakuwa bado upo.

Mwisho nawashukuru mgeni rasmi na wageni wote kwa kuja kutushika mkono, akina baba mliofunga maturubai tangu alfajiri, na wapishi wetu ambao sasa naona wananiangalia kwa jicho la pilau inapoa. Mungu akibariki kikundi chetu, na awaponye wagonjwa wetu wote, wanaojulikana na wanaofichwa.